Namba ya Mpigaji Si Ufunguo

"Nikiweka namba zangu tu kwenye mtambo, simu nyingine zote zikataliwe, si nitakuwa salama?"

Swali hili hunijia kwa sura nyingi. Mwenye shamba la mpunga Mbarali ana pampu inayowashwa kwa kubipu. Mkurugenzi anataka akipiga ofisini kwa simu yake ya mkononi, mtambo umtambue na kumpa laini ya kupiga nje ya nchi kwa gharama ya ofisi. Fundi wa mtandao ana ruta kwenye mnara ulio mbali, anataka ifungue muunganiko pale tu inapopigiwa na namba yake. Msimamizi wa nyumba za kupanga ana geti linalofunguka likiona namba ya mpangaji. Wote wanauliza jambo moja, na wote wanategemea kuambiwa ndiyo.

Jibu ni hapana. Nimelitoa kwa mdomo mara nyingi, na watu hunisikiliza kwa heshima kisha wanakwenda kununua kile kile kifaa. Basi safari hii nitaeleza kwa urefu.

Hoja ninayorudishiwa kila mara ni moja: laini zote zimesajiliwa. Tanzania ilianza kusajili laini kwa alama za vidole nchi nzima tarehe 1 Mei 2019, mwisho ukasogezwa hadi 20 Januari 2020, na baada ya hapo laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Kila namba ina mwenyewe, mwenyewe ana namba ya kitambulisho cha taifa kutoka NIDA, na NIDA ina vidole vyake. Kwa hiyo, wananiambia, namba ikitokea kwenye kioo cha simu ni sawa na mtu kutoa kitambulisho mlangoni.

Si sawa hata kidogo. Usajili unaunganisha mtu na kadi ya simu. Hauunganishi kadi na tarakimu zinazotokea kwenye kioo cha anayepigiwa. Kati ya kadi na kioo kuna njia ndefu, na simu huipita mikononi mwa kampuni na watu ambao NIDA haiwajui.

Tuanze na sehemu iliyo imara, maana ipo. Ndani ya kadi ya simu kuna ufunguo wa siri wa biti 128, na nakala yake iko kwa kampuni iliyotoa kadi hiyo. Simu yako inapojiunga na mtandao, kampuni hutuma namba ya kubahatisha. Kadi huichanganya na ule ufunguo na kurudisha jibu. Kampuni hulilinganisha na hesabu yake yenyewe. Ufunguo hausafiri hewani hata mara moja. Kwa njia hiyo kampuni inajua bila shaka kwamba kadi hii ni ile iliyoitoa, na ukipiga simu, namba yako huandikwa na swichi ya kampuni, simu yako haina usemi. Mtu wa mtandao wako akikupigia kwa laini yake, namba unayoiona inaaminika sana.

Sasa tazama kinachomfikia anayepigiwa. Uthibitisho wote huo unabaki kwenye kompyuta za kampuni iliyoufanya. Kinachosafiri kwenda mbele ni ujumbe wa kuanzisha simu, na ndani yake kuna sehemu ya namba ya mpigaji: tarakimu tupu, hazina saini, hazina muhuri, hazina chochote ambacho mpokeaji anaweza kukikagua. Ni kama jina la mtumaji lililoandikwa nyuma ya bahasha. Tarishi hakulihakiki, na barua itafika hata kama aliyeiandika amejiita waziri.

Utaratibu huu ulibuniwa miaka ya 1970 na 1980, wakati kampuni za simu duniani zilikuwa chache na nyingi zilikuwa mashirika ya serikali, kama Shirika la Posta na Simu lilivyokuwa kwetu. Swichi ya nchi moja iliiamini swichi ya nchi nyingine kwa sababu hakukuwa na mtu wa tatu wa kuingia katikati. Mfumo wa SS7, unaobeba maagizo ya simu kati ya kampuni na kampuni, ulijengwa juu ya kuaminiana huko, na bado uko kazini.

Kisha zikaja simu za intaneti. Kiwango cha SIP, RFC 3261, kilitoka Juni 2002, na ndani yake sehemu inayotaja nani anapiga hujazwa na mtambo wa mpigaji mwenyewe. Novemba mwaka huohuo ikatoka RFC 3325, iliyoongeza sehemu ya pili ambamo mtandao unaweka namba iliyothibitishwa, na maandishi yake yanasema wazi kwamba sehemu hiyo ina thamani tu kati ya mitandao iliyokubaliana kuaminiana. Simu ikitoka nje ya duara hilo, thamani imekwisha. Leo mtu yeyote mwenye kompyuta mpakato anaweza kukodi njia ya simu kutoka kwa kampuni ya nchi nyingine, akajaza namba anayoitaka, na kama kampuni hiyo haikagui, simu inaingia kwenye lango la kimataifa na kushuka hadi Dar es Salaam ikiwa na namba ya jirani yako. Kadi ya jirani haijaguswa. Vidole vyake viko NIDA kama alivyoviacha. Namba yake inapiga simu na yeye amelala.

Na usidhani kwamba kuandika namba isiyo ya laini unayopigia ni hila ya wezi peke yao. Benki yenye wahudumu wengi inapokupigia, unaona namba moja ya huduma kwa wateja, siyo namba ya laini aliyoitumia mhudumu fulani. Mtambo wa benki ndio umeiandika, kwa ruhusa ya kampuni ya simu. Mlango huo uliwekwa kwa makusudi na una kazi halali kila siku. Ndiyo sababu hauwezi kuzibwa tu kwa amri.

Jambo linaloniudhi zaidi ni kwamba wabunifu wa mfumo walijua. Katika ISDN, yaani laini za simu za kidijitali, ujumbe wa kuanzisha simu kwa kiwango cha Q.931 una biti mbili pembeni ya namba ya mpigaji, na kazi yake ni kusema namba hiyo imetoka wapi. Zina maana nne: imeandikwa na mteja na haijakaguliwa; imeandikwa na mteja, ikakaguliwa na kukubalika; imeandikwa na mteja, ikakaguliwa na kukataliwa; au imeandikwa na mtandao wenyewe. SS7 nayo inabeba alama ya namna hiyo. Maana yake ni kwamba mtandao unaweza kukuletea namba ukiwa umekuandikia pembeni kabisa kwamba haikukaguliwa. Kifaa cha geti hakizisomi biti hizo. Kioo cha simu yako hakikuonyeshi. Mitambo mingi ya ofisi inazipokea na kuzitupa. Kinachobaki ni namba peke yake, na mtu anaitazama na kuiamini.

Ukitaka kujua kifaa chako kinaona nini, funua kisanduku cha geti. Ndani kuna modemu ndogo ya GSM, kadi ya simu, antena, na swichi ya umeme inayobonyeza mota kwa niaba yako. Simu ikiingia, modemu hukiandikia kile kifaa mstari mmoja unaoanza na +CLIP, kisha namba ya mpigaji ndani ya alama za kunukuu, kisha 145 kama namba imekuja na msimbo wa nchi, au 129 kama aina yake haikutajwa. Kifaa kinalinganisha namba hiyo na orodha yake. Ikilingana, kinakata simu na kufungua geti, na ndiyo sababu mpigaji halipi kitu. Kwa kuwa namba moja inaweza kuja ikiwa na 0 mbele au ikiwa na 255 mbele, baadhi ya vifaa hulinganisha tarakimu za mwisho tu, kwa hiyo hata namba ya nchi nyingine yenye mwisho unaofanana inaweza kupita bila mtu kughushi chochote. Huo ndio ukaguzi wote.

Mama mmoja wa Goba, mwalimu mstaafu, hakunikubalia mpaka aone. Geti lake lilikuwa la namna hii, na orodha ilikuwa na namba yake, za wanawe, na ya kijana wa maziwa. Akaniruhusu nijaribu mbele yake. Tuliketi barazani, simu yake ikiwa mezani pembeni ya birika la chai, nami nikafungua akaunti ya simu za intaneti niliyoikodi kwa kazi za majaribio na kujaza namba yake kwenye sehemu ya mpigaji. Njia moja ya nje iliibadilisha namba hiyo ikaweka ya kwake ya kigeni, na geti likatulia. Nilipobadili njia, kengele iliita mara moja ndani ya kisanduku, mota ikanguruma, na geti likaanza kusogea.

"Mwanangu, mbona imefunguka? Simu yangu si hii hapa?"

Simu ilikuwa pale pale mezani, kioo chake kimezima. Kwenye rekodi ya kifaa ilisomeka kwamba mama amefungua geti saa kumi na dakika saba alasiri. Hilo la rekodi lilimshtua kuliko geti lenyewe, na alikuwa na haki ya kushtuka: siku ukiibiwa, kifaa hicho hicho kitatoa ushahidi kwamba mlango ulifunguliwa na mwanao.

Wapo wanaodhani Truecaller inatibu tatizo hili. Haitibu, na katika jambo hili inalizidisha. Programu hiyo inachukua namba iliyoletwa na kutafuta jina ambalo watu wamelihusisha nayo. Namba ikiwa ya kughushi, unaletewa jina la mwenye namba halisi, pengine na picha yake. Uongo uliokuja na tarakimu tupu sasa una jina na sura. Programu inasaidia kutambua wasumbufu wanaotumia namba zao wenyewe, na kwa hilo itumie. Haina uwezo wa kujua kama aliyepiga ndiye mwenye namba.

Wengine wananitajia huduma za fedha za simu: mbona zile zinanijua kwa namba yangu na pesa zinakwenda salama? Tazama zinavyofanya kazi. Ombi lako linazaliwa kwenye kadi yako na kupokelewa na kampuni hiyo hiyo iliyoithibitisha kadi kwa ufunguo wake, na halipiti lango la mtu mwingine njiani. Na pamoja na uhakika wote huo, bado wanakudai namba ya siri kabla shilingi moja haijasogea. Kampuni yenye ufunguo wa kadi yako mkononi haiiamini namba peke yake, na wewe unataka geti lako liiamini baada ya kupita nchi kadhaa.

Kosa hili lina umri mkubwa. Enzi za modemu, wakati mtu aliingia kwenye mtandao wa ofisi kwa kupiga simu, wasimamizi walipenda kuweka orodha ya namba za nyumbani za wafanyakazi. Kwenye laini za waya za Marekani, namba ya mpigaji ilipita kati ya mlio wa kwanza na wa pili, kwa kasi ya biti 1,200 kwa sekunde. Modemu iliyopokea kwenye mlio wa kwanza haikuiona kabisa. Windows Server ilikuwa na kisanduku cha kuhakiki namba ya mpigaji kwa kila mtumiaji, na mpaka leo kipo kwenye ukurasa wa mipangilio yake. Itifaki ya RADIUS ya kuhakiki wanaoingia kwenye mtandao, RFC 2865 ya Juni 2000, iliipa namba hiyo sehemu yake maalumu, namba 31. Wahandisi makini waliitumia kama nyongeza juu ya jina na neno la siri, au kwa kuweka kumbukumbu. Wavivu waliitumia mahali pa neno la siri. Huko Marekani sanduku za ujumbe wa sauti zilizofunguka bila namba ya siri kila zilipoona namba ya mwenyewe ziliingiwa kwa kughushi namba, na watu wakasikilizwa siri zao.

Sehemu namba 31 ingali hai, na leo iko kwenye Wi-Fi. Mtu akijiunga na Wi-Fi ya ofisi inayotumia RADIUS, sehemu hiyo hubeba anwani ya MAC ya simu au kompyuta yake. Na swali langu la mwanzo linarudi likiwa na kanzu nyingine: "Nikiruhusu MAC za wafanyakazi tu, si inatosha?" Anwani ya MAC inatangazwa na kifaa chenyewe, inasomeka hewani na aliye karibu, na inabadilishwa kwa amri moja. Zaidi ya hapo, Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya mwaka 2020 zinabuni MAC tofauti kwa kila mtandao, kwa hiyo orodha yako inamsumbua mfanyakazi mwaminifu na kumwachia njia yule unayemwogopa.

Kwani kampuni za simu haziwezi kuzuia? Zinaweza kupunguza. Uingereza imezitaka kampuni zake zizuie simu zinazotoka nje ya nchi huku zikionyesha namba za ndani, lakini namba za simu za mkononi zilileta ugumu mkubwa, kwa sababu Mwingereza aliyesafiri na laini yake hupiga nyumbani kihalali akiwa nje. Mtanzania aliyeko Muscat au Johannesburg na laini yake ya nyumbani yuko katika hali hiyo hiyo. Ukikataa kila +255 inayotoka nje, unamkatia na yeye. Marekani ilipitisha sheria iliyosainiwa Desemba 2010 ikifanya kughushi namba kwa nia ya ulaghai kuwa kosa, na simu za ulaghai ziliendelea. Sheria nyingine ya Desemba 2019 iliagiza matumizi ya mfumo wa saini uitwao STIR/SHAKEN, na kampuni kubwa zikatakiwa kuuweka kwenye mitandao yao ya IP kufikia 30 Juni 2021. Huo ndio mwelekeo sahihi, kwa sababu hatimaye namba inakuja na saini inayokaguliwa. Lakini saini ina madaraja matatu. Daraja A husema tunamjua mteja na ana haki ya namba hii. Daraja B husema tunamjua mteja, namba hatuijui. Daraja C husema simu imepitia mlangoni kwetu, basi, na ndilo linaloipata simu iliyoingia kutoka nje bila saini. Simu ikipita kwenye kipande cha mtandao wa zamani usio wa IP, saini inapotea njiani. Na kisanduku cha geti, hata kikiletewa saini, hakina pa kuisoma.

Na hata dunia nzima ikiweka saini kesho, tatizo jingine linabaki. Tapeli akienda kwa wakala na kufanikiwa kuhamishia namba yako kwenye kadi mpya, simu anayopiga ni ya namba yako kweli kweli. Mtandao hautaona kasoro. Namba iliyokaa muda mrefu bila kutumika hurudishwa sokoni na kuuzwa kwa mtu mwingine. Mpangaji aliyehama miaka iliyopita, ambaye hukumfuta kwenye orodha ya geti, amekuachia mlango kwa mtu usiyemjua. Simu ikiibiwa ikiwa haina namba ya siri, mwizi ndiye mpigaji. Katika hali zote hizo namba ni ya kweli na mtu si yule. Namba hutambulisha laini tu, na laini huhama mikono.

Haya, mambo ya kufanya, upesi.

Kama una kifaa cha geti, pampu au jenereta, badilisha leo hii neno la siri kilichokuja nalo. Vifaa vingi vya geti huja na 1234, vifaa vya kufuatilia magari huja na 123456, na maagizo yake hutumwa kwa meseji ambayo mtumaji wake naye anaweza kughushiwa. Mwaka 2019 watafiti wa Avast walikuta vifaa vya kufuatilia vipatavyo 600,000 vikiwa bado na 123456. Chagua kifaa kinachopokea simu na kudai namba ya siri ya kubonyeza kabla ya kufungua. Kwa geti la nyumbani, rimoti yenye msimbo unaobadilika kila ukibonyeza inatosha. Pampu yenye mota kubwa iwe na kikomo cha muda ndani ya kifaa chenyewe, ili hata ikiwashwa na mhuni izime kabla ya kuungua.

Kama ni mtambo wa simu wa ofisi, ondoa ile huduma ya kumpa mkurugenzi laini ya nje kwa kuona namba yake. Wezi huitafuta kwa makusudi, huipigia usiku wa Ijumaa, na Jumatatu unakuta bili ya simu za nchi usizowahi kuzipigia, kwa namba ambazo wao wanapata mgao wa kila dakika. Mpe mkurugenzi programu ya simu yenye jina na neno la siri refu, ipitie muunganiko uliofungwa kwa TLS au ndani ya VPN. Zima simu za kimataifa kwa kila extensheni isiyozihitaji, weka kikomo cha fedha kwa siku kwa kampuni inayokupa njia, na kataa simu za SIP zisizo na akaunti.

Kama ni ruta au kifaa kilicho mbali, kiache kifungue chenyewe muunganiko wa VPN kuja kwako, kwa WireGuard au kwa vyeti vya kidijitali, na kisipokee kitu kutoka nje. Ukiwa na vifaa vingi, iombe kampuni ya simu APN binafsi: hapo kadi inathibitishwa kwa ufunguo wake ndani ya mtandao huo huo, na vifaa vyako havionekani kwenye intaneti ya watu wote. Simu ya kuamsha kifaa unaweza kuendelea kuitumia, ila iwe ya kuamsha tu. Kikishaamka, kidai ufunguo.

Njia ya kupigiwa tena ni bora kuliko kuiamini namba. Kifaa kinakata simu na kuipigia namba iliyo kwenye orodha yake, na aliyeghushi haipokei, kwa sababu simu inakwenda kwa mwenye namba. Enzi za laini za waya njia hii ilikuwa na tundu: kwenye swichi nyingi laini haikuachiwa mpaka aliyepiga akate, kwa hiyo mwizi aling'ang'ania, akachezesha mlio wa bandia, na modemu ikadhani imepiga upya. Kwa simu za mkononi tundu hilo halipo, ila kuhamishwa kwa namba na kuelekezwa kwa simu kwenye namba nyingine bado vinaivunja. Iweke pamoja na neno la siri.

Kwa Wi-Fi ya ofisi, mpe kila mtu jina lake na neno lake la siri, au cheti kwenye kifaa chake. Orodha ya MAC iache kwa ajili ya kujua printa iko wapi.

Na orodha ya namba yenyewe? Ibakize. Inapunguza simu za makosa na usumbufu wa wanaojaribu namba ovyo, na hiyo ni kazi halali. Ipitie kila mpangaji au mfanyakazi anapoondoka, na isiwe kinga pekee mahali popote.

Kwa wewe usiye na kifaa chochote zaidi ya simu yako, kanuni ni hiyo hiyo. Aliyekupigia akisema ni benki au kampuni ya simu, hata kama namba na jina vinaonekana vyake, kata, kisha piga wewe mwenyewe kwa namba iliyo nyuma ya kadi yako ya benki au iliyotangazwa rasmi. Usimsomee mtu namba ya uthibitisho iliyoingia kwa meseji. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na usiyoitambua nenda kaifute. Meseji ya kitapeli itume 15040.

Na wewe fundi unayefunga vifaa hivi, nakuomba jambo moja: usikabidhi kazi wakati neno la siri bado ni 1234 na orodha ya namba ndiyo kinga pekee. Mteja hajui kwamba amenunua mlango usio na kitasa. Wewe unajua.